Nina mimba ya wiki 24 na Ramadhani inakaribia: nifunge au nile?

Mjamzito wa Kwanza

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu zangu, nina mimba ya wiki 24, ambayo ni ya kwanza, na Ramadhani itaingia kabla sijafika wiki ya 27. Kwa jumla hali yangu si mbaya: kichefuchefu cha miezi ya mwanzo kimekwisha, mtoto anacheza, na shinikizo la damu limekuwa sawa kila nilipopimwa. Kinachonitia shaka ni wingi wa damu, kwa kuwa kipimo cha mwisho kilionyesha 9.8, nikaandikiwa vidonge vya kuongeza damu na kuambiwa nirudi baada ya wiki nne. Nilipouliza kuhusu saumu, daktari alinijibu kwa neno moja tu, "usifunge," kisha akamwita mgonjwa aliyefuata.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mama yangu alifunga katika mimba zake zote, na ingawa hanilazimishi, kila mazungumzo yakifika hapo husema, "Sisi tulifunga, na nyinyi mkazaliwa wazima." Mavyaa wangu yeye anaona kwamba kufunga kwa mwenye mimba ni ukaidi. Mume wangu amesema uamuzi ni wangu, jambo ninalomshukuru, ila mzigo umebaki palepale. Tangu nilipobaleghe sijawahi kula mchana wa Ramadhani isipokuwa kwa hedhi, na nafsi yangu hainiachi: inaniambia kwamba natafuta kisingizio.

Naomba kujua mambo matatu. Neno la daktari lisilo na maelezo lina uzito gani katika jambo la ibada? Nikiianza siku nimefunga kisha nikajisikia vibaya alasiri, je, nitakuwa na dhambi nikifungua? Na nikila, nitadaiwa siku, fidia ya kulisha masikini, au vyote viwili? Tafadhali anayejibu aeleze anajibu kwa ujuzi gani, maana nimechoshwa na majibu ya "wanasema".

Mkunga wa Zamu

Wa alaykum salaam warahmatullah. Mimi ni mkunga na nimekaa katika kliniki ya wajawazito kwa miaka mingi. Ya fiqhi, yaani sheria za dini, nawaachia wenyewe. Nitasema ya mwili tu.

Rudi kwa daktari huyo, au kwa mwingine, ukaulize sababu. "Usifunge" inaweza kuwa na maana kwamba ameona jambo katika kadi yako, na inaweza pia kuwa jibu analompa kila mjamzito ili asibebe lawama. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Ukitaka kuyatenganisha, muulize hivi: "Je, ungenikataza hata kama damu yangu ingekuwa 12?" Jibu atakalotoa ndilo litakalokuonyesha kama anazungumza juu yako au juu ya wajawazito wote.

Sasa kuhusu njaa yenyewe. Mjamzito hafanani na mtu mwingine anayeshinda bila kula, kwa sababu mtoto huchota sukari kupitia kondo la nyuma usiku na mchana, hasubiri magharibi. Kwa hiyo sukari katika damu ya mama hushuka mapema zaidi, na mwili wake huanza kuchoma mafuta na kutoa ketoni (kemikali zinazotokana na mafuta hayo) baada ya saa chache kuliko ilivyo kwa asiye na mimba. Jambo hili huzidi katika nusu ya pili ya mimba, ambayo wewe umekwisha kuiingia. Ndiyo maana urefu wa siku una uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Karibu na ikweta, kuanzia alfajiri hadi kuchwa kwa jua ni kama saa 13 na nusu mwaka mzima, ilhali kaskazini mwa Ulaya mwezi wa Juni muda huo hupita saa 18. Na kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 10 au 11, Ramadhani huzunguka majira yote. Mama aliyefunga mimba yake katika siku fupi za baridi hawezi kuitumia saumu hiyo kumpimia binti yake anayeishi mahali hapohapo lakini amepata Ramadhani ya kiangazi. Simkosoi mama yako. Nasema tu kwamba hatujui mimba zake zilikutana na siku za namna gani, wala damu yake ilikuwa ngapi.

Kiwango cha 9.8 kinaingia katika upungufu wa damu wa wastani, ambao kwa mjamzito huhesabiwa kati ya gramu 7 na 9.9 kwa desilita. Saumu peke yake haimalizi damu, na vidonge vyako vinaweza kunywewa usiku. Ukivinywa, viache mbali na chai au kahawa kwa saa moja au mbili, kwa sababu vinywaji hivyo huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Tatizo liko kwingine. Mwenye damu pungufu huanza safari akiwa tayari anachoka haraka, moyo unamwenda mbio akipanda ngazi, na kichwa kinazunguka akisimama ghafla. Ukiongeza kiu juu ya hayo, kuanguka ni jambo la karibu. Tena muda wa kula unapobaki wa usiku tu, wengi hushiba kwa wanga na vitu vitamu, wakakosa nafasi ya mayai, nyama, kunde na mboga za majani, ambavyo ndivyo damu yako inavihitaji sasa. Kama nitaulizwa maoni yangu, ningekutaka upime damu tena kabla ya mwezi kuandama badala ya kusubiri wiki nne ziishe, na kama haijapanda, ule.

Wapo ambao sihitaji hata kufikiri kabla ya kuwaambia wale: mwenye kisukari anayetumia insulini, mwenye shinikizo la damu ambaye dawa zake hugawanywa mara tatu kwa siku, anayetapika bila kukoma, anayetokwa na damu ukeni, mwenye mapacha, aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, na ambaye ameambiwa kwamba mtoto hakui inavyopaswa.

Ukifunga, usingoje magharibi kwa kuona haya. Mkojo ukiwa mweusi kama chai na unatoka kidogo, kizunguzungu kisichoondoka ukilala, homa, au tumbo linalokaza na kulegea kwa mpangilio, fungua papo hapo, unywe maji na upige simu kliniki. Maumivu makali ya kichwa pamoja na kuona ukungu au vimulimuli, chupa kupasuka, damu, au mtoto aliyepunguza kucheza kuliko kawaida yake: hayo si ya kufungua na kupumzika uone itakuwaje, bali ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo. Nimewaona wanawake waliohisi mtoto ametulia tangu asubuhi wakaja usiku baada ya futari. Tafadhali usiwe miongoni mwao.

Msomaji wa Pembeni

Samahani, nadhani tunawatisha wanawake bila sababu. Mamilioni ya wajawazito hufunga kila mwaka na watoto huzaliwa salama. Dada yangu alifunga mwezi mzima akiwa na mimba ya miezi saba na alijifungua mtoto mwenye kilo nzuri tu. Sheria imeruhusu kula kwa anayehofia madhara, haikumwamuru kila mwenye mimba ale. Mwenye nguvu afunge.

Mkunga wa Zamu

Ndugu, sehemu ya usemi wako ni kweli na sitaikataa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulikusanya tafiti 22 zenye mimba zaidi ya 31,000, na haukuona kwamba saumu ya Ramadhani ilipunguza uzito wa mtoto wakati wa kuzaliwa wala kuongeza kujifungua kabla ya wakati. Lakini waandishi wake wenyewe walisema kwamba kuhusu mambo mengine ya uzazi ushahidi hautoshi, na wengi wa waliochunguzwa walikuwa wanawake wenye afya. Aliyefunga akaona uzito unamlemea aliacha, na aliyekuwa mgonjwa hakuanza. Huwezi kuchukua matokeo ya wenye afya ukamvika mwenye 9.8.

Upande wa pili upo pia. Wanauchumi Almond na Mazumder walichapisha mwaka 2011 uchunguzi wa takwimu za sensa za Uganda na Iraki, wakaona kwamba Waislamu ambao Ramadhani iliwakuta tumboni, hasa mwanzoni mwa mimba, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa takriban asilimia 20, wa kuwa na ulemavu utu uzimani. Hilo nalo lisimtie mtu kihoro, kwa sababu wachunguzi hao hawakujua ni mama yupi alifunga na yupi alikula. Walihesabu miezi ya kuzaliwa tu. Ninachokitoa katika yote mawili ni kwamba hakuna anayeweza kukuapia kuwa saumu haina athari yoyote, na hakuna anayeweza kumwambia mwanamke mzima wa afya kwamba akifunga amemdhuru mwanawe. Ndiyo maana ninauliza kadi ya kliniki kwanza, na habari za dada wa mtu baadaye.

Mwanafunzi wa Fiqhi

Wa alaykum salaam, ukhti. Nimesoma fiqhi ya Kishafii kwa masheikh, nami si mufti. Nitanakili yaliyomo katika madhehebu, na kwa fatwa inayokuhusu wewe binafsi muone sheikh unayemwamini ukiwa na majibu ya daktari mkononi.

Asili ya ruhusa iko katika aya ya 184 na 185 za Suratul Baqara, ambamo mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula na kutimiza hesabu katika siku nyingine, na ikatajwa kwamba Mwenyezi Mungu anawatakia waja wake wepesi wala hawatakii uzito. Ama mwenye mimba na mwenye kunyonyesha, wametajwa waziwazi katika hadithi ya Anas bin Malik al-Ka'bi (huyu si yule Anas mashuhuri aliyemtumikia Mtume, rehema na amani zimshukie), kwamba Mwenyezi Mungu amemwondolea msafiri nusu ya sala na saumu, na amewaondolea saumu mwenye mimba na mwenye kunyonyesha. Wameipokea wenye vitabu vya hadithi viitwavyo Sunan, na Tirmidhi, mmoja wao, ameiita hasan, yaani njema. Kwa hiyo nafsi inayokuambia kwamba unatafuta kisingizio haina hoja: aliyekula kwa sababu iliyoruhusiwa ametekeleza hukumu ya Mola wake kama alivyoitekeleza aliyefunga.

Daktari anaingia hapo kwenye neno "hofu". Ruhusa haikufungamana na mimba kwa kuwa ni mimba tu, bali na kuhofia madhara, na hofu inayozingatiwa ni dhana yenye nguvu, si wasiwasi unaopita. Dhana hiyo hupatikana kwa dalili unayoihisi mwilini, kwa uzoefu wako wa nyuma, au kwa kauli ya tabibu mjuzi na mwaminifu. Katika madhehebu ya Shafii kipimo chake ni madhara ya aina ileile inayomruhusu mtu kutayamamu (kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji), kama vile ugonjwa kuzidi au kuchelewa kupona. Kauli ya daktari ina uzito, basi, na itakuwa na uzito zaidi ukijua ameijenga juu ya nini. Hapo nakubaliana na dada mkunga. Na hofu ikifikia kuangamia mama au mtoto, kula si ruhusa tena bali ni wajibu, na kufunga ndiko kunakokuwa dhambi. Ndugu Msomaji wa Pembeni amelisahau hilo aliposema kwamba sheria haikuamuru.

Swali lako la pili lina jibu jepesi. Ukiwa huna dalili ya madhara usiku, nuia na ufunge. Katika madhehebu yetu nia huwekwa kila usiku kabla ya alfajiri, hivyo kila siku ina uamuzi wake, na hulazimiki kuuamua mwezi mzima siku ya kuandama. Hali ikikubadilikia alasiri, fungua, wala huna dhambi, hata kama imebaki nusu saa. Utalipa siku hiyo moja. Na ukitapika bila kujitapisha, saumu yako ni sahihi. Wengi hudhani imevunjika wakala bila sababu.

Ama la tatu, wanazuoni wametofautiana, na ni vizuri uijue khitilafu ili usimlaumu mwenzako aliyeambiwa vingine. Kwa Hanafi, mjamzito aliyekula hulipa siku tu. Kwa Maliki mwenye mimba hulipa siku tu, na fidia huongezwa kwa anayenyonyesha akila kwa ajili ya mtoto. Kwa Shafii na Hanbali kuna upambanuzi: aliyejihofia mwenyewe, au kujihofia yeye pamoja na mtoto, hulipa siku tu, aliyemhofia mtoto peke yake hulipa siku na kutoa fidia ya kumlisha masikini kwa kila siku, ambayo kwa Shafii ni kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mahali anapoishi. Imepokewa pia kutoka kwa masahaba Ibn Abbas na Ibn Umar kwamba hutoa fidia bila kulipa siku, lakini madhehebu manne hayakuishika kauli hiyo. Wewe unayeogopa kwa sababu ya upungufu wa damu, ambao ni ugonjwa wa mwili wako mwenyewe, dhahiri yake ni kulipa siku bila fidia.

Kulipa hakushurutishwi kufuatanisha. Unaweza kulipa siku moja moja, na unaweza kuchagua majira ambayo siku ni fupi. Ukichelewesha bila udhuru mpaka Ramadhani nyingine ikaingia, kwa Shafii utaongeza kibaba kwa kila siku. Lakini ukizuiwa na nifasi (damu ya baada ya kujifungua) na kunyonyesha, udhuru umeendelea na huongezi kitu.

Mama wa Watatu

Mdogo wangu, mimi si mkunga wala sikusoma fiqhi, ila nimepita njia hiyo, nikala katika mimba moja na kufunga sehemu kubwa ya nyingine. Nitasema mawili tu ambayo wenzangu hawakuyagusa.

La kwanza ni familia. Usiingie katika mjadala na mama na mavyaa kwa wakati mmoja, kwa maana utageuka uwanja wa mashindano yao. Mchukue mama yako kliniki siku ya kupima. Akisikia namba kutoka kwa mkunga, na akasikia kwamba upungufu wa damu ukizidi ni hatari wakati wa kujifungua, kwa sababu mwenye damu kidogo hana akiba ya kupoteza, atakuwa wa kwanza kukuwekea sahani mchana. Mama zetu wanashindana na uvivu wanaoufikiria, hawashindani na afya yetu. Kwa wengine wote neno "nina udhuru" linatosha, na hakuna anayestahili maelezo zaidi ya hapo.

La pili ni deni. Andika tarehe za siku ulizokula, hata kwenye ukurasa wa nyuma wa kadi ya kliniki. Baada ya kujifungua usingizi utakuwa haba, na mwaka ukipita utabaki kukisia, na kukisia kunaumiza kuliko kulipa. Mimi nililipa nyingi baada ya mtoto kuanza kula vyakula vingine, nilipoona kwamba maziwa hayapungui nikifunga. Kulipa peke yako wakati nyumba nzima inakula kuna ugumu wake, usidanganywe kwamba wanaokula Ramadhani wamechagua urahisi. Mume wako akikubali kufunga nawe siku hizo za kulipa, mwambie ndiyo kabla hajabadili mawazo.

Mjamzito wa Kwanza

Jazakumullahu khayran nyote. Nilirudi kliniki na kuuliza lile swali la damu kuwa 12. Daktari alicheka, akaketi tena, na kusema kwamba kama ingekuwa 12 angeniachia mimi niamue, lakini kwa 9.8 hapendi nianze mwezi nikiwa nafunga. Tumekubaliana nipime upya siku chache kabla ya mwandamo: ikiwa chini ya 10 nitakula na kulipa baadaye, ikiwa imepanda vizuri nitanuia usiku kwa usiku na kuangalia mwili wangu, na dawa nitainywa saa mbili baada ya futari. Mama yangu amekubali kuja nami.

Limebaki moja. Ameniandikia pia kipimo cha kisukari cha mimba, kile cha kunywa maji ya sukari kisha kutolewa damu kwa nyakati kadhaa, na tarehe niliyopewa imeangukia ndani ya Ramadhani. Je, nikiwa nimefunga siku hiyo, kutolewa damu kunaharibu saumu, na kile kinywaji kinaingia katika hesabu gani?

Mwanafunzi wa Fiqhi

Kutolewa damu ya kupima hakubatilishi saumu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jiddah mwaka 1997 liliweka pia uchunguzi wa ukeni na sindano zisizo za lishe miongoni mwa vitu visivyofunguza. Kinywaji cha sukari ni kinywaji kama kingine, kinafunguza bila shaka. Ikiwa kipimo kinaweza kufanywa siku nyingine bila madhara, kiondoe Ramadhani. Ikiwa hakingoji, una udhuru wa siku hiyo na utailipa.

Mkunga wa Zamu

Kinaweza kusogezwa mbele, usisubiri. Kipimo hicho kwa kawaida hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28, nawe umekwisha kuingia katika muda huo. Piga simu kesho uombe nafasi wiki hii, uende asubuhi bila kula tangu usiku kama utakavyoelekezwa, na uchukue chakula mkononi cha kula mara baada ya damu ya mwisho kutolewa. Omba wapime na wingi wa damu kwa sindano hiyohiyo. Majibu ya sukari yakitoka mabaya, mpango wote mliokubaliana na daktari utahitaji kuzungumzwa upya, kwa hiyo ni bora uyajue kabla mwezi haujaandama.